KIPIMO CHA HAKI: MAMBO TUNAYOYAONA KATI YA NJOMBE NA MAKAMBAKO

Somo la kujifunza katika vikundi vya nyumbani, Umoja wa Mama na vijana

Someni kwanza: Mambo ya Walawi 19:35-36, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Amosi 8:4-6, Luka 6:38.



Somo letu la safari hii halitoki mbali. Linatoka shambani na barabarani, katika mambo ambayo kila mkulima wa Njombe huyaona tangu asubuhi hata jioni, ila kwa kuwa tumeyazoea hatuyaulizi maswali. Wazee walisema, Tembea uone. Lakini mtu aweza kutembea maisha yake yote na asione, kama haulizi kwa nini jambo hili liko hivi na si vile.

Mimi ni mkulima mdogo. Nalima viazi mviringo na mahindi, nina miti michache na ng'ombe wa maziwa. Kama wengi wenu, nimepita mara nyingi barabara ya kwenda Makambako, kilomita 60 hivi, mara juu ya mzigo wa lori, mara ndani ya basi. Katika safari hizo swali moja limekuwa likinifuata, nami naliweka mbele yenu tulitafakari pamoja: Vitu tunavyouza, vitu tunavyonunua, na kazi tunazowapa wenzetu, vinapimwa kwa kipimo gani? Tena, nani amekishika kipimo hicho?

1. TUNANUNUA KWA KILO, TUNAUZA KWA MACHO

Tazameni kwanza vitu tunavyonunua. Mfuko wa mbolea ni kilo 50, nao umeandikwa hivyo ubavuni. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Sukari hupimwa kwa kilo, mafuta kwa lita, kitambaa kwa mita, na bati lina geji yake. Hakuna mwenye duka anayemwambia mteja, "Chukua rundo hili la mbolea, tutakadiria." Yeye anajua anachouza.

Sasa tazameni vitu tunavyouza. Baadhi yake hupimwa vizuri. Wenzetu wa Lupembe wanaolima chai hupeleka majani mabichi kituoni na kuyaona yakiwekwa kwenye mizani. Maziwa hupokelewa kwa lita, na kabla ya kupokelewa hutiwa chombo cha kuonyesha kama yameongezwa maji. Maparachichi ya kwenda nchi za nje hununuliwa kwa kilo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda yake Makambako, hununua mahindi kwa kilo, tena hupima unyevu wa punje kabla ya kuyakubali.

Lakini viazi, zao linalolisha nyumba nyingi hapa kwetu, mara nyingi huuzwa kwa gunia bila mizani kuonekana shambani. Na miti huuzwa kwa kutazamwa. Mnunuzi huzunguka shamba la misindano, hutazama juu, hutazama chini, halafu hutaja bei ya shamba zima.

Angalieni tofauti. Pale penye mizani ugomvi haukosekani, maana mizani nayo yaweza kuchezewa, na mkulima wa chai aweza kulalamika kwamba amekatwa kilo nyingi kwa ajili ya maji yaliyo kwenye majani. Lakini ugomvi huo ni wa tarakimu. Waweza kusema, "Pima tena." Pasipo na mizani, mkulima hana la kusema. Amebaki na huzuni tu, wala hajui imemtoka wapi.

2. LUMBESA NI NINI HASA

Sote twalijua neno lumbesa. Gunia hujazwa viazi mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonwa kipande cha gunia jingine au wavu wa kamba, na viazi vikaendelea kupangwa hata gunia likawa kama mtu aliyevaa kilemba kikubwa. Wenzetu wa Kenya wana shida hiyo hiyo, nao gunia hilo huliita mukorino, kwa sababu ya kilemba hicho hicho. Gunia linalotajwa kuwa la kilo 100 hufika kilo 130, hata 150.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina hasira. Tuseme mmepatana gunia moja kwa shilingi 60,000. Kama gunia ni kilo 100, kila kilo umeiuza shilingi 600. Gunia lile lile likijazwa mpaka kilo 140 kwa bei ile ile, kila kilo umeiuza shilingi 428 na senti kadhaa. Ukiuza magunia 10 ya namna hiyo, umetoa kilo 1,400 na umelipwa kilo 1,000. Kilo 400 zimekwenda bure. Kwa bei mliyopatana ninyi wenyewe, hizo ni shilingi 240,000. Mkulima akifika nyumbani husema, "Mwaka huu bei ilikuwa mbaya." Kumbe bei haikuwa mbaya kiasi hicho. Kilichokuwa kibaya ni gunia.

Je, mnunuzi ni mtu mwovu? Tusikimbilie kusema hivyo. Ukimsikiliza utaona ana sababu zake. Mwenye lori humtoza nauli kwa gunia. Wapakiaji hulipwa kwa gunia. Ushuru ukihesabiwa kwa gunia, nao ni hivyo hivyo. Basi kama kila mtu njiani anahesabu magunia wala hapimi kilo, mwenye gunia kubwa ndiye anayelipa kidogo. Tena atakuambia kwamba viazi vingine huoza kabla ya kufika Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, na kwamba sokoni wenzake wote wanaleta lumbesa. Akileta gunia dogo yeye peke yake, hatanunuliwa.

Maneno hayo si ya uongo yote. Lakini tazameni yanakoishia. Nauli ikipunguzwa kwa ujanja, anayelipa ni mkulima. Viazi vikioza njiani, anayelipa ni mkulima tena, naye hayumo hata ndani ya lori. Hasara zote za barabara zimeshushwa zikarudishwa shambani, kwa sababu shambani ndiko hakuna mizani.

Sheria ya nchi inalijua jambo hili. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tangu mwaka 2002 upo Wakala wa Vipimo wenye kazi ya kuisimamia. Mafundisho yao kwa wakulima na wafanyabiashara ni kwamba mazao yauzwe kwa uzito, na gunia lisizidi kilo 100. Kenya walikwenda mbele zaidi: kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zilitaka mfuko usizidi kilo 50. Utekelezaji umekuwa mgumu huko na huku. Sheria pekee haishiki sindano ya kushonea gunia, maana sindano imeshikwa na watu waliosimama shambani mwetu, na sisi tumesimama karibu nao.

3. MIZANI KUBWA YA MAKAMBAKO

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na barabara itokayo Songea na Njombe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo hupita hapo baada ya kupanda milima kutoka Mlimba, katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mtu akikaa saa moja tu pale huona mahindi ya Songea, mbao na viazi vya Njombe, na malori ya mafuta ya kwenda Zambia, yote yakipishana.

Hapo Makambako pana mizani ya barabarani. Kila msafiri anaijua, maana hata mabasi husimama kupimwa. Lori hupanda juu ya mizani, na uzito wa kila ekseli huonekana. Tangu mwaka 2019 nchi yetu inatumia Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo inasema lori na mzigo wake visizidi tani 56. Akizidisha hutozwa faini. Sababu yake ni njema: lami ni mali ya umma, na gari lililozidishwa uzito huivunja.

Basi, ndugu zangu, lifikirini jambo hili. Lori lililobeba viazi vyetu linapimwa Makambako, ekseli kwa ekseli, ili barabara isiumie. Lakini magunia yaliyomo ndani yake yalipakiwa shambani bila kupimwa hata mara moja. Barabara imepata mtu wa kuitetea. Mkulima hajapata, na mbebaji hajapata.

Nasema mbebaji, kwa sababu huyu tunamsahau. Lumbesa haipandi lorini yenyewe. Kijana wa miaka 20 huinama, wenzake wawili humtwika, naye hupanda ubao uliolazwa kwenye lori huku miguu ikitetemeka. Kilo 150 ni sawa na mifuko mitatu ya saruji. Nani kati yetu angemtwika mwanawe mifuko mitatu ya saruji kwa pamoja? Shirika la Kazi Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilisema kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, pale unapozidi kilo 55, upunguzwe hata kufika kiasi hicho.

Hata wapagazi wa misafara ya zamani, ambao twasimuliwa taabu zao, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mbili ni kilo 32. Ni kweli walitembea nao siku nyingi, na huyu wetu anatembea hatua chache. Lakini atarudia hatua hizo mara nyingi kabla jua halijatua. Viazi vyetu vikifika Dar es Salaam, vingine hushushwa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Jina la wabeba mizigo lingalipo, na mzigo umeongezeka.

4. DEBE, UNYEVU NA MITI

Wengine watasema, "Mimi siuzi kwa lumbesa, nauza kwa debe." Vema, lakini debe nalo lina maneno yake. Debe lilianza kama bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Siku hizi ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Tofauti yake ni lita mbili, karibu moja ya kumi. Anayenunua kwa ndoo na kuuza kwa bati amekwisha kupata faida kabla hajapandisha bei. Kisha lipo debe lililobonyezwa tumbo, na lipo debe linalojazwa mpaka likafanya kichuguu. Wazee wa pwani walikuwa na neno mfuto, kwa kipimo kilichosawazishwa mdomoni. Neno hilo lafaa kurudi kwetu.

Zaidi ya hayo, debe hupima ujazo, halipimi uzito. Viazi vikubwa huacha nafasi nyingi katikati, vidogo huacha chache. Debe ni moja, kilo ni mbalimbali.

Mahindi nayo yana siri yake, nayo ni unyevu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 tu za punje kavu. Kilo 20 ni maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13, ambayo ni hali njema ya kuhifadhi, yatakuwa na uzito wa kilo 92 hivi. Kilo nane zimepotea, lakini hakuna aliyeziiba. Zimekwenda na jua. Mkulima asiyejua hili humshitaki mtunza ghala bure. Kadhalika anayeuza mahindi mabichi kwa kilo akijua ni mabichi, na mnunuzi hajui, ameuza maji.

Na miti je? Hapa hasara ni kubwa, maana mti huchukua miaka mingi na huuzwa kwa dakika chache. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kwenye shina, urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kifuani. Gawanya kwa 3.14, utapata kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha sentimita 30 hivi. Sasa sikilizeni vizuri: mti wenye kipenyo cha sentimita 30 si sawa na mti mmoja na nusu wa sentimita 20. Upana wa shina lake lililokatwa ni mara mbili na robo. Kwa hiyo anayeuza miti kwa idadi tu, minene na myembamba bei moja, ameitoa ile minene kwa bei ya fito. Shamba lako ukilipima miti 20 hapa na pale na kuandika daftarini, mnunuzi atakapokuja mtazungumza kama watu wawili wenye macho.

5. HATUA ZA NANI?

Mpaka hapa tumekuwa tukisema habari za watu wanaotupunja. Ni rahisi kusikiliza somo la namna hiyo, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Lakini somo halijaisha.

Wakati wa kulima ukifika, wengi wetu huita vibarua. Wengine ni vijana wa kijiji, wengine ni mama wajane, wengine ni wageni waliotoka mbali kutafuta chakula. Kazi hutolewa kwa ngwe au kwa ekari. Na ekari hupimwa namna gani? Sote twajua: hatua 70 kwa hatua 70. Na hatua hizo hupigwa na nani? Na mwenye shamba.

Ekari halali ni mita za mraba 4,047. Mtu mwenye hatua ya sentimita 90 akipiga 70 kwa 70 atapata mita za mraba 3,969, karibu sana na ekari. Lakini mtu mrefu, au mtu wa kawaida aliyeamua siku hiyo kutanua miguu, mwenye hatua ya mita moja kamili, atapata mita za mraba 4,900. Kibarua atalima ekari moja na moja ya tano juu yake, alipwe ekari moja. Hiyo nayo ni lumbesa, tofauti ni kwamba haikushonwa kwa kamba. Imeshonwa kwa miguu.

Na mtu huyo huyo akienda kuuza au kukodisha kipande cha shamba, hatua zake hufupika ghafula. Hatua ya sentimita 80, mara 70 kwa 70, ni mita za mraba 3,136. Aliyekodi amepungukiwa karibu robo ya ekari. Miguu ni ile ile miwili. Wakati wa kununua kazi ni mirefu, wakati wa kuuza ardhi ni mifupi.

Sasa someni tena Kumbukumbu la Torati 25:13. Pale Mungu anamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo. Zamani nilidhani jambo hilo ni la wenye maduka tu. Mkulima naye aweza kuwa nayo mawili, wala hahitaji mfuko wa kuyachukulia.

6. NENO LINASEMAJE?

Mambo ya Walawi 19:35 hutaja mambo matatu: kupima urefu, kupima uzito na kupima ujazo. Yapangeni na yale tuliyoyaona: urefu ni hatua zetu, uzito ni gunia, ujazo ni debe. Hakuna lililosahauliwa. Tena mstari unaofuata hutoa sababu: Mungu huwakumbusha watu kwamba aliwatoa Misri. Kwa nini Misri itajwe katika habari za mizani? Someni Kutoka 5:6-18. Kule Misri watu walinyimwa majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali isipunguzwe. Walijua maana ya kufanya kazi kwa kipimo kilichoshikwa na mtu asiyewahurumia. Aliyetolewa huko hapaswi kumrudisha mwenzake huko, hata kwa ngwe moja ya shamba.

Amosi naye aliwasema wafanyabiashara waliofanya kipimo cha nafaka kuwa kidogo na jiwe la kupimia fedha kuwa kubwa, huku wakingoja kwa hamu siku takatifu ipite ili wafungue biashara. Walikuwa watu wa ibada, nao walihudhuria. Neno hili si la watu wa nje.

Lipo pia andiko linalotumiwa vibaya. Wengine husema kwa mzaha kwamba lumbesa ni kipimo cha Injili, kwa sababu ya Luka 6:38, ambapo Bwana hutaja kipimo kilichojaa na kushindiliwa. Lakini angalieni mwanzo wa mstari. Habari ile ni ya kutoa. Mtu anayetoa kwa moyo wake atapewa kwa wingi. Hakuna mahali pale ambapo mpokeaji anaambiwa alichukue gunia la mwenzake na kulishindilia yeye mwenyewe. Ukitaka kumwongezea jirani viazi, mpimie kwanza haki yake, kisha mwongezee kwa jina la zawadi, naye ajue ni zawadi. Na mwisho wa mstari ule unatuhusu sote: kipimo tunachokitumia kwa wenzetu ndicho kitakachorudi kwetu.

7. TUFANYE NINI?

Shida kubwa yajulikana. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huwasha gari na kwenda kwa jirani. Viazi haviwezi kungoja. Vikikaa juani hugeuka kijani na kuwa na sumu, vikikaa kwenye unyevu huoza. Kwa hiyo dawa ya jambo hili haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Umoja ni nguvu si neno la kupamba ukuta. Katika biashara ya viazi ni hesabu kamili. Basi tujaribu haya:

(a) Nyumba kumi za jirani zichange kununua mizani moja. Mtaa wetu wa kanisa pia waweza kuwa na mizani, ikatunzwa na mtu mwaminifu. Iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa alama.

(b) Tujifunze kuijaribu mizani kabla ya kuiamini. Kwanza iwe imesimama kwenye sifuri. Kisha weka mfuko wa mbolea ambao haujafunguliwa: lazima isome kilo 50 na kidogo ya mfuko. Au tumia maji: lita 10 za maji ni kilo 10, ukiondoa uzito wa ndoo.

(c) Tupatane bei ya kilo kabla gunia la kwanza halijajazwa. Gunia likishashonwa, mazungumzo yamekwisha.

(d) Jirani wapange kuvuna na kuuza siku moja, kwa bei moja na mfuko mmoja. Lori lataka kujaa; likijua litajaa hapa kwa kilo, litakaa. Mfuko wa kilo 50 ni bora zaidi, kwa ajili ya mgongo wa anayebeba.

(e) Kwa vibarua, tuache hatua. Tafuteni kamba ya mita 32. Mraba wenye kamba hiyo kila upande ni robo ya ekari, karibu kabisa. Kamba haina urefu wa asubuhi na urefu wa jioni. Kibarua naye aishike ncha moja, ashuhudie.

(f) Mnunuzi akija asipokewe kama adui. Yule anayekubali kupima aheshimiwe, alipwe wema wake kwa viazi vilivyochambuliwa vizuri, visivyofichwa vibovu katikati ya gunia. Maana hilo nalo hutokea, na twalijua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika mazao yetu, yapi huuzwa kwa mizani na yapi kwa macho? Kwa nini?
2. Nani hupata hasara gunia linapozidi kilo 100? Wahesabuni wote, tangu shambani mpaka sokoni.
3. Je, ngwe tunayowapa vibarua wetu ina mita ngapi? Nani aliipima?
4. Tukikataa lumbesa kijiji kizima, tutakutana na shida zipi wiki ya kwanza? Tutazivukaje pamoja?
5. Kutoka 5 inatufundisha nini sisi tunaoajiri?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KUKUTANA TENA

Kila mmoja apime vitu vitatu vya nyumbani mwake na kuviandika katika daftari: debe lake moja la viazi lina kilo ngapi, gunia lake lililojaa bila kilemba lina kilo ngapi, na hatua yake moja ina sentimita ngapi, akitembea kama kawaida bila kujua anapimwa, kwa hiyo amwombe mtoto amhesabie. Mkikutana, someni tarakimu zenu kwa sauti. Mtashangaa kuona jinsi madebe ya nyumba jirani yanavyotofautiana, na hatua pia. Halafu chagueni kipimo kimoja cha kijiji, mkitumie wakati wa kuuza na wakati wa kununua.